Kabla ya Kusugua Taa, Imwagie Maji

Foleni yoyote ndefu ya Dar es Salaam ina kijana mwenye kitambaa na kichupa. Hana haja na kioo chako cha mbele. Ameziona taa. "Bosi, taa zimekufa hizi. Nakurudishia upya, elfu kumi tu." Hujajibu, ameshapaka kipande kidogo cha taa ya kushoto, na pale alipopapaka panameta kama siku gari liliposhuka melini. Ukilinganisha na sehemu iliyobaki unaona aibu. Unatoa noti.

Mimi niliitoa. Gari lilikuwa Toyota IST, na taa zake zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwa dakika kumi kijana alisugua, akapuliza, akafuta, na taa zikawa safi kiasi kwamba niliporudi nyumbani jirani aliuliza kama nimenunua mpya. Wiki ya sita hivi manjano ilirudi, safari hii ikiwa imeleta wageni: vijiufa vidogo mithili ya utando wa buibui ambavyo havikuwapo mwanzo. Yule kijana simlaumu sana. Nililipia mng'ao, nikapewa mng'ao. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba taa yangu ilikuwa chafu, wakati ilikuwa imeungua jua, na kilichoungua hakioshwi.

Tunaita "kioo cha taa" kwa mazoea tu. Land Rover za zamani, Peugeot 504 za teksi, Land Cruiser za miradi, hizo zilikuwa na kioo kweli. Jiwe likiruka kinapasuka, lakini jua hakilijali. Utaikuta Peugeot iliyolala juu ya matofali miaka ishirini, rangi imekwisha, na taa bado inaona. Magari ya leo yana plastiki. Marekani ililifungulia mlango jambo hilo mwaka 1983, Lincoln Mark VII ya 1984 ikawa ya kwanza huko kutoka kiwandani na taa zilizofinyangwa kufuata umbo la gari, na Ulaya ikafuata miaka ya 1990. Plastiki yenyewe ni polikaboneti. Wanakemia wawili waliigundua mwaka mmoja, 1953, kila mtu kivyake: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Ni nyepesi, haivunjiki ovyo, na inapitisha mwanga vizuri. Ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni miale ya urujuanimno, ile ile inayochubua rangi ya mapazia yako.

Kiwanda kinaujua udhaifu huo. Ndiyo maana kila taa hutoka imepakwa ngozi nyembamba, ngumu, isiyoonekana kwa macho, ambayo kazi yake ni kuzuia miale hiyo na mikwaruzo. Ngozi hiyo ndiyo kiini cha makala haya, kwa hiyo iweke akilini. Ikiwa nzima, taa ni nzima. Ikianza kuchakaa kwa jua, kwa mchanga wa barabarani na kwa sabuni kali za kuoshea magari, plastiki iliyo chini yake hubaki uchi, hugeuka manjano, kisha hukwaruzika na kuwa kama kioo cha bafuni.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua huwa la utosi kabisa mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na kabla ya katikati ya Oktoba, na miezi mingine halishuki sana. Tazama taa yoyote iliyofubaa: sehemu ya juu, inayoelekea mbinguni, ndiyo huanza. Tazama tena: mara nyingi taa moja ni mbaya kuliko mwenzake, na ukifuatilia utakuta ndiyo inayopigwa na jua la saa nane gari linapoegeshwa kazini. Na magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshakula jua la wenzetu miaka kumi au kumi na tano. Sisi tunaongezea la kwetu. Kule kwao wameamua kulivalia njuga jambo hili. Kuanzia Agosti 2024 walianza, eneo baada ya eneo, kupima dimu, yaani mwanga wa chini, peke yake katika ukaguzi wa lazima wa magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1998, na kila taa hutakiwa kufikisha kandela 6,400. Gari lenye taa za chai ya maziwa hapo halipiti.

Wako watakaosema ni urembo tu, gari si linatembea? Nilikuwa mmoja wao hadi usiku mmoja kati ya Chalinze na Morogoro. Mbele yangu palikuwa na basi linalokuja, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, barabara ile hailali. Nilishusha dimu kwa adabu. Basi lilipopita, palipokuwa giza pakatokea tairi la baiskeli, kisha magunia mawili ya mkaa, kisha mgongo wa mtu. Hakuwa na kiakisi, hakuwa na taa. Nilimkwepa. Mkaa mmoja mmoja uligonga kioo cha pembeni.

Baadaye nilikaa na kalamu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Mtu aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kukanyaga breki: mita 33 zimekwisha na gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Breki nzuri, tairi nzuri, lami kavu, ongeza nyingine 36 hivi. Jumla ni karibu mita 70. Dimu iliyo nzima humwonyesha dereva mtu mwenye nguo nyeusi kwenye mita hamsini au sitini, kwa hiyo hata mwenye taa mpya hapo yuko ukingoni. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizofubaa kwa umri na kukuta zinatoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Sasa piga hesabu yako mwenyewe na kilomita zako. Halafu kumbuka kwamba mwanga uliopotea hauishi hewani: ukungu wa plastiki huutawanya pande zote, ukiwemo upande wa macho ya anayekuja. Wewe huoni, na yeye unampofusha.

Basi, tufanye nini?

Usinunue chochote kwanza. Osha taa kwa maji na sabuni ya kawaida, kisha imwagie maji safi na uitazame ikiwa bado imelowa. Hiki ndicho kipimo bora ninachokijua, na hakina gharama. Maji hujaza mikwaruzo midogo ya juu, kwa hiyo kama ubaya uko nje, taa iliyolowa huonekana safi ghafla, kisha hufubaa tena inapokauka. Hiyo ni habari njema: inasuguliwa na inapona. Ikiwa imelowa na bado ina ukungu uleule, ubaya uko ndani, au plastiki imepasuka vijiufa vya kina, na msasa wote wa Kariakoo hautakusaidia.

Tuanze na walio na ubaya wa ndani, maana ndio wanaopotezewa pesa zaidi.

Ukungu wa mvuke unaotokea asubuhi ya mvua au baada ya kuosha gari, kisha ukatoweka taa zikiwaka nusu saa, si ugonjwa. Taa hazikuumbwa kama chupa iliyozibwa. Zina vitundu vya kupumulia, kwa sababu balbu hupasha hewa joto, hewa hutanuka, na lazima itoke mahali. Kinachotakiwa ni kuhakikisha vitundu hivyo havijazibwa na matope au nyumba ya nyigu. Maji yanayotuama chini ya taa mithili ya tangi la samaki ni jambo jingine. Hapo kuna mwanya, na mkosaji wa kwanza wa kumtafuta ni kifuniko cha mpira cha nyuma ya balbu. Fundi aliyekubadilishia balbu usiku kwa tochi ya simu alikivua, hakukirudisha vizuri, au hakukirudisha kabisa. Fungua boneti uangalie. Nimeona watu wakinunua taa nzima kwa kukosa kipande cha mpira.

Kama kifuniko kipo na maji bado yanaingia, gundi inayoshika kioo kwenye kasha la taa imekufa au kasha limepasuka. Taa hutolewa, hukaushwa juani ikiwa wazi kwa nyuma, na mwanya huzibwa. Mafundi wengi hushika silikoni ya kwanza wanayoikuta. Ile yenye harufu ya siki hutoa mvuke wa asidi inapokauka, na mvuke huo ukibaki ndani ya taa unaweza kuula utando wa fedha unaoakisi mwanga. Omba isiyo na harufu hiyo. Na fundi anayetaka kutoboa tundu chini ya taa ili maji yatoke mwenyewe, mshukuru kwa ubunifu wake na uondoe gari. Penye tundu la kutokea maji, vumbi huingia.

Utando huo wa fedha, nao, usiuguse. Ni tabaka jembamba sana la alumini, na kitambaa kikavu kinatosha kuufuta. Ukiuona umebabuka au una doa la moshi juu ya balbu, jiulize kama kuna mtu aliweka balbu za wati 100 mahali pa 60/55. Joto lake huunguza kioo kwa ndani, huyeyusha soketi, na husababisha kazi ambayo haina msasa. Taa ya namna hiyo inabadilishwa.

Sasa tuje kwa taa iliyofaulu kipimo cha maji, yaani ubaya uko nje. Igonge kidogo kwa sarafu: ikilia kama glasi, ni kioo kweli, acha hapo hapo. Ikilia butu, ni plastiki na kazi inaweza kuanza.

Kazi hii inafanyika nyumbani, kivulini, taa ikiwa ya baridi. Nenda duka la rangi za magari uombe msasa wa maji: namba 800, 1000, 1500, 2000, na 3000 ukiipata. Taa ambayo ngozi yake inabanduka kama gamba itahitaji kuanza na 600. Nunua na tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, uzungushe taa yote tabaka mbili. Hili watu hulipuuza, kisha wanatumia wiki nzima wakitafuta fundi wa kuondoa alama kwenye bampa. Ndoo ya maji yenye matone mawili ya sabuni, na uvumilivu. Taa moja hula karibu saa moja kwa mkono. Usiamini anayekwambia dakika tano.

Lowesha msasa, lowesha taa, sugua kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe kama unaosha sufuria. Msasa wa kwanza sugua kwa kulala, kushoto kulia; unaofuata sugua kwa kusimama, juu chini; wa tatu kwa kulala tena. Sababu ni kwamba kila msasa kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya uliotangulia, na ukibadilisha mwelekeo unaiona mikwaruzo ya zamani kama imebaki. Ukisugua ovyo, huioni mpaka taa ikauke, na hapo unarudi mwanzo.

Maji yanayochuruzika mwanzoni yatakuwa ya manjano. Hiyo ndiyo plastiki iliyoungua inaondoka. Usihamie msasa wa pili mpaka yawe meupe kama maji ya kuoshea mchele. Wengi hukosea hapa: wanachoka na namba 800, wanarukia 2000 kwa sababu inateleza vizuri mkononi, na manjano inabaki chini ikiwa imeng'arishwa. Msasa wa kwanza ndio unaotibu. Inayofuata inafunika makovu yake tu. Ipe 800 nusu ya muda wako wote.

Katikati ya kazi taa itaonekana mbaya kuliko ulivyoanza, nyeupe pee, kama barafu. Mke wangu alitoka nje akaiona, akaniuliza kama bima inalipa ujinga. Vumilia. Kila namba inayopanda inarudisha uwazi kidogo, na ukifika 2000 utaanza kuona balbu.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na unatakiwa uwe umeshachagua kabla hujafika hapa.

Njia ya kwanza ni kung'arisha kwa pasta ya kung'arishia rangi ya gari, kwa mkono au kwa mashine ndogo yenye sifongo. Mashine isikae mahali pamoja. Polikaboneti hulainika kwenye nyuzi joto 147 hivi, na msuguano wa mashine unaweza kupaunguza mahali hapo kabla hujashtuka. Ikishang'aa, ifute kwa isopropili, spiriti ile wanayotumia mafundi simu, ili pasiwe na mafuta hata chembe. Kisha paka kinga ya taa, dawa maalumu ya kuzuia miale ya jua, ambayo hupakwa kwa kitambaa na kuachwa ikauke. Njia ya pili ni ya fundi rangi: unaishia kwenye namba 1000, hung'arishi kabisa kwa sababu rangi inahitaji mahali pa kushika, na unapuliza kliya ya gari iliyochanganywa na hadina, tabaka mbili nyembamba. Taa inageuka kuwa angavu mbele ya macho yako, na kwa kuitazama tu, hakuna kazi nzuri zaidi ya hii. Lakini mambo mawili. Kliya nyingine ina thina kali inayopasua polikaboneti, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Na hadina hizo zina isosayaneti, kemikali inayoharibu mapafu. Leso iliyofungwa puani si barakoa. Fundi asiye na barakoa ya chujio anakufanyia kazi kwa afya yake.

Kama ungeniruhusu nisisitize sentensi moja tu katika makala yote haya, ingekuwa hii: usiposugua vizuri taa itakuwa mbaya leo, lakini usipoweka kinga itakuwa mbaya zaidi baada ya miezi michache. Ukisugua umeondoa na kile kidogo cha ngozi ya kiwanda kilichobaki. Plastiki iko uchi. Kijana wa foleni alifanya nusu ya kwanza ya kazi, nami nikaondoka na gari lisilo na nguo. Kwa hiyo ukimpa mtu kazi hii, usimuulize bei kwanza. Muulize: "Ukimaliza kung'arisha unapaka nini?" Akijibu "nta", jua kwamba nta huoshwa na mvua za masika mara mbili tatu ikaisha. Akijibu "haina haja", endelea na safari.

Kuhusu zile dawa za jikoni, nitapita haraka. Dawa ya meno hufanya kazi kidogo kwa sababu ni msasa laini. Kwa taa iliyofifia kwa mbali itakusogeza hadi wikendi ya harusi. Dawa ya kufukuza mbu ni hatari, na naona video nyingi zikiisifu. Ile yenye diiti huyeyusha uso wa plastiki, ndiyo maana inang'aa papo hapo: unatazama taa ikiyeyuka. Petroli, thina na asetoni hupasua vijiufa visivyotoka tena, na sasa nadhani najua kichupa cha kijana wangu kilikuwa na nini. Kuna pia njia ya kikombe cha umeme kinachofukiza mvuke wa kemikali, taa ikawa safi ndani ya sekunde. Inapendeza kuitazama. Dawa za namna hiyo mara nyingi ni dikloromethani au klorofomu, mvuke wake ni sumu, na haziachi kinga yoyote dhidi ya jua. Sikushauri uifanye, wala usimame karibu na anayeifanya.

Kosa lingine, hili la wenye haraka, ni kuongeza ukali wa balbu badala ya kutibu kioo. Taa imefubaa, mtu anaweka balbu za LED nyeupe za bei nafuu. Mwanga mkali ukipita kwenye ukungu hutawanyika zaidi, na taa iliyotengenezwa kwa balbu ya halojeni haiwezi kuupanga mwanga wa LED unaotoka mahali pengine. Ukutani unaona nuru nyingi. Barabarani unaona ukuta wa maziwa, na wanaokuja wanakupigia fulu wakidhani na wewe umewasha fulu. Kabla ya kubadilisha balbu, mwombe fundi umeme apime volti kwenye soketi ya taa injini ikiwa inaunguruma. Mwanga wa halojeni hufuata volti kwa ukali: zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Mara nyingi tatizo ni waya wa ethi uliopata kutu, na dawa yake ni brashi ya waya na dakika kumi. Na ukibadilisha balbu ya halojeni, usiishike kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huipasua ikipata joto.

Je, ni bora kununua taa nyingine? Vipimo vile vya AAA vilionyesha kwamba kusugua, iwe nyumbani au kwa mtaalamu, kulirudisha mwanga hadi asilimia 70 hivi. Taa mpya zisizo za kiwanda zilifikisha kati ya 83 na 90, na za kiwanda 100. Kwa hiyo anayeendesha mjini chini ya taa za barabarani atatosheka na kusugua. Anayetoka Dar kwenda Mbeya kila wiki, afikirie kununua. Taa zikishavuka kusuguliwa mara mbili, plastiki nayo inakonda, na mimi singepoteza jioni ya tatu.

Ukienda kwa wauza vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, kumbuka kipimo cha maji na ukiombe hata dukani. Taa ya mtumba hung'arishwa kwa mafuta kabla ya kuwekwa mezani. Ifute kwa kitambaa chako mwenyewe, itazame kwa mwanga wa pembeni, itikise usikie kama kuna kilichokatika ndani. Nunua jozi. Na uliza imetoka gari la wapi, kwa sababu kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. Dimu haielekei mbele sawasawa. Upande wa ukingo wa barabara hupanda juu kidogo ili umwone mtembea kwa miguu, na upande wa wanaokuja hubaki chini. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wetu hupanda kushoto. Taa iliyong'olewa kwenye gari la Dubai au Sharjah, ambako wanaendesha kulia, hupanda kulia, yaani moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Inaingia vizuri kwenye gari, inawaka, na hakuna fundi atakayeweza kuirekebisha kwa bisibisi. Wasomaji wa Bujumbura, Goma na Bukavu mna tatizo lilelile kwa kinyume: mnaendesha kulia, na magari mengi yenye usukani wa kulia yametoka Japani yakiwa na taa za kuendeshea kushoto.

Iwe umesugua au umenunua, malizia kwa ukuta. Tafuta uwanja ulio tambarare, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, pima kwa futi urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, na uweke alama ya urefu huohuo ukutani. Washa dimu. Mstari ambapo mwanga unakatika unatakiwa uwe chini ya alama kwa sentimita 10 hivi, ukipanda upande wa kushoto. Ukiwa juu ya alama, unapofusha watu. Ukiwa nusu mita chini, unamulika bampa la aliye mbele yako. Kabla ya kumwita fundi, angalia kigurudumu kidogo kilicho karibu na usukani chenye namba kuanzia 0. Kiko kwenye magari mengi ya Kijapani, huinua na kushusha taa kwa ajili ya mizigo, na aliyekuuzia gari huenda alikiacha kwenye 5. Rudisha 0.

Baada ya hapo ni malezi. Rudia kinga kila mwaka, au kabla, ukiona maji hayateremki tena kwa matone. Usiruhusu muosha gari apitishe sifongo ileile iliyotoka kwenye rimu. Na egesha gari uso ukiwa ukutani au kwenye mti. Rangi ya boneti nayo itakushukuru.

Jioni hii ukifika nyumbani, kabla hujafunga geti, chukua kopo la maji, mwagia taa ya upande unaopigwa na jua, na uitazame ikiwa bado imelowa. Kisha isubiri ikauke.